Kupima bakteria wa damu kwa ng'ombe kwa njia ya vinasaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wafugaji, maofisa mifugo na wanafunzi wanaoanza kazi za maabara. Sikuyapa majibu ya urefu mmoja, kwa sababu baadhi yake yanajibika kwa sentensi mbili na mengine ndiyo yanayoamua kama safari ya kwenda maabara ina faida au hapana. Naomba jambo moja likumbukwe unaposoma: kabla ya kuchoma sindano, jua unauliza nini. Je, unataka kujua kinachomuumiza huyu ng'ombe leo, au kama amebeba bakteria hata akiwa mzima, au kama kundi zima limewahi kukutana na ugonjwa? Ni maswali matatu tofauti, na kipimo cha kila moja kinaweza kuwa tofauti.

Ni bakteria gani hasa wanaotafutwa katika damu?

Anayeongoza kwa madhara ni Anaplasma marginale, chanzo cha ndigana baridi. Huishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Arnold Theiler alimweleza mwaka 1910 akiwa Afrika Kusini, na jina likatokana na mahali doa lake linapoonekana, yaani ukingoni mwa chembe. Mwaka uliofuata akamweleza ndugu yake, Anaplasma centrale, ambaye hukaa karibu na katikati ya chembe na huwasumbua ng'ombe kidogo tu. Kwa upole wake huo, baadhi ya nchi bado humtumia akiwa hai kama chanjo dhidi ya marginale. Hilo la chanjo lina uzito katika kusoma majibu, nami nitalirudia.

Yupo pia Anaplasma phagocytophilum, ambaye hukaa ndani ya chembe nyeupe na kuleta homa inayoshusha maziwa ghafla na wakati mwingine kutupisha mimba. Ehrlichia ruminantium, wa maji moyo, hupendelea seli zinazotandaza ndani ya mishipa ya damu. Mikoplazma wa damu, hasa Mycoplasma wenyonii na mwenzake anayeitwa Candidatus Mycoplasma haemobos, hung'ang'ania juu ya chembe nyekundu bila kuingia ndani. Bartonella bovis na Borrelia theileri hupatikana mara nyingi kwa ng'ombe wasioonyesha dalili yoyote.

Wengi wa hawa hawaoti kwenye sahani za kawaida za maabara. Mikoplazma wa damu hawajawahi kuoteshwa nje ya mnyama kwa namna ya kutegemewa. Ndiyo maana kutafuta vinasaba vyao kumekuwa njia kuu ya kuwatambua.

Ndigana kali na mkojo mwekundu navyo vitaonekana kwenye kipimo hiki?

Hapana, mpaka uviombe. Ndigana kali husababishwa na Theileria parva na mkojo mwekundu na Babesia, na hao ni vimelea wa jamii ya protozoa, si bakteria. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya bakteria hakiwagusi kabisa. Nasisitiza kwa sababu kupe huwabebesha ng'ombe mmoja wadudu wa aina mbili au tatu kwa pamoja, na jibu la "hasi" la Anaplasma limewahi kumfanya mtu aache kutafuta, kumbe mnyama ana Theileria. Ng'ombe mwenye homa na kupe mwilini apimwe makundi yote mawili.

PCR, kipimo kikuu cha kutafuta vinasaba, inafanyaje kazi?

Inatafuta kipande kimoja cha vinasaba kilicho cha bakteria huyo peke yake, kisha inakinakili mara nyingi hadi kiweze kuonekana. Damu huvunjwa kwanza, protini zikaoshwa, vikabaki vinasaba: vingi mno vya ng'ombe mwenyewe na vichache vya bakteria kama yumo. Katika kichupa huongezwa praima, ambazo ni vipande vifupi vya vinasaba vilivyopangwa kujishika pande mbili za kile kinachotafutwa, pamoja na kimeng'enya cha kunakili. Mashine hupandisha joto hadi nyuzi 95 hivi ili kamba mbili za vinasaba ziachane, hulishusha kati ya 50 na 60 na kitu ili praima zishike, kisha hupanda hadi karibu 72 kimeng'enya kikamilishe nakala. Kila mzunguko huzidisha kipande mara mbili. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa nakala bilioni moja.

Mbinu hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kimeng'enya kinachostahimili joto hilo kilitolewa kwa Thermus aquaticus, bakteria aliyegunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone nchini Marekani.

Siku hizi maabara nyingi hutumia PCR ya muda halisi, ambayo nakala hutoa mwanga kadiri zinavyoongezeka. Ukikaa mbele ya skrini unaona mistari ya sampuli zote imelala chini, halafu mmoja unainuka kwenye mzunguko wa 22, mwingine kwenye wa 31, na mingine haiinuki hadi mwisho.

Kwa nini tusitumie hadubini tu? Ni rahisi na ya haraka.

Tumia. Mnyama akiwa mahututi, slaidi ya damu iliyopakwa vizuri na kutiwa rangi ya Giemsa bado ni kipimo cha kwanza, na mtu anayedharau hadubini kwa sababu ana mashine ya PCR anamchelewesha mgonjwa. Katika ndigana baridi kali, zaidi ya chembe 10 kati ya 100 zinaweza kuwa na doa. Utaliona bila shida: nukta ya zambarau iliyokolea, ya duara, imeegemea ukingo wa chembe.

Tatizo linaanza doa linapokuwa adimu. Mililita moja ya damu ya ng'ombe ina chembe nyekundu kati ya bilioni 5 na 10. Chembe moja ikiwa na bakteria katika kila elfu, tayari una chembe zilizoambukizwa milioni kadhaa kwa mililita, na bado mwenye hadubini anaweza kupita nyuga kadhaa, yaani sehemu zinazoonekana kwa mara moja kwenye lenzi, asione kitu. Ng'ombe aliyepona na kubaki mbebaji huwa na bakteria wachache zaidi ya hapo. PCR ya hatua mbili inayolenga jeni ya msp5 ya Anaplasma marginale imewahi kuwatambua wabebaji waliokuwa na takriban chembe 30 tu zilizoambukizwa kwa mililita.

Na kuna wakati hadubini hudanganya hata kwa mgonjwa mahututi. Ng'ombe akiletwa siku zimepita, fizi nyeupe au za manjano, bandama imekwisha kuondoa chembe nyingi zilizoambukizwa. Damu imebaki nyepesi kama maji na slaidi ina madoa machache. Mtu akitazama tu slaidi anaweza kusema si ndigana baridi. Zaidi ya hayo, mabaki ya rangi ya Giemsa na mabaki ya kiini ndani ya chembe changa hufanana na doa la Anaplasma, na mnyama mwenye upungufu wa damu ana chembe changa nyingi. Hapo PCR huamua.

Kipimo cha kingamwili, ELISA, kinatofautianaje na PCR?

ELISA huonyesha kwamba mwili umewahi kupambana na bakteria. PCR huonyesha kwamba vinasaba vya bakteria vimo ndani ya damu iliyochukuliwa. Kwa uchunguzi wa kundi kubwa, ELISA ya ushindani inayotumia protini ya MSP5 ni nafuu ya kazi na hutegemewa sana. Udhaifu wake ni kwamba protini hiyo inafanana kwa spishi mbalimbali za Anaplasma, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa kwa A. centrale ataonekana chanya. PCR inayolenga jeni ya msp1β kwa marginale na jeni ya groEL kwa centrale hutenganisha wawili hao.

Upande mwingine, siku za mwanzo za ugonjwa kingamwili hazijatosha ilhali bakteria wamo. Ng'ombe wa namna hiyo atakuwa hasi kwa ELISA na chanya kwa PCR, bila kosa la maabara yoyote.

Damu ichukuliwe lini, na kwa namna gani?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hivyo nitakaa kidogo.

Ichukuliwe kabla ya dawa. Oksitetrasaiklini hupunguza bakteria haraka, na damu iliyochukuliwa siku mbili baada ya sindano inaweza kutoa jibu la hasi kwa mnyama ambaye bado ana maambukizi. Kama dawa imekwisha kutolewa, andika kwenye fomu ni ipi na lini. Usifiche. Mtu wa maabara hawezi kusoma kilichofanyika zizini kwa kutazama chupa.

Ichukuliwe wakati wa homa, hasa kama unahofia maji moyo au A. phagocytophilum. Pima joto la mnyama uliandike.

Tumia chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ile ambayo kwa kawaida ina kifuniko cha zambarau. Epuka yenye heparini, kwa kuwa heparini huzuia kimeng'enya cha PCR. Jaza hadi alama, kwa sababu damu kidogo ndani ya EDTA nyingi ni tatizo, na damu nyingi kupita kiasi huganda. Kisha geuza chupa juu chini taratibu mara nane hadi kumi, pale pale, kabla hujamgusa ng'ombe mwingine. Usiitikise. Ukiinua chupa dhidi ya mwanga na kuona kidonge cha damu iliyoganda kinateleza ubavuni, chukua nyingine mnyama akiwa bado amefungwa. Bakteria waliojificha ndani ya ganda hilo hawatafika kwenye kipimo.

Badilisha sindano kwa kila mnyama, bila kuruka hata mmoja. A. marginale huambukizwa na kupe, na pia na nzi wanaouma, vifaa vya kukata pembe na kuhasi, na sindano yenye damu. Timu ya uchunguzi inayotumia sindano moja kwa ng'ombe wengi inaweza kueneza ugonjwa ule ule iliokuja kuutafuta.

Paka slaidi mbili shambani, damu ikiwa bichi. Chupa iwekwe kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na ifike maabara ndani ya siku chache. Ikibidi kukaa zaidi, igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini jua kwamba ukiigandisha chembe hupasuka na huwezi tena kupaka slaidi. Pasipo na friji, matone ya damu kwenye karatasi maalumu ya kuhifadhi vinasaba, yakikaushwa kabisa kivulini, husafiri vizuri. Gharama yake ni kwamba kiasi cha damu ni kidogo, na mbebaji mwenye bakteria wachache anaweza kuponyoka.

Jibu limekuja chanya. Ina maana hicho ndicho kinachomuumiza ng'ombe wangu?

Si lazima. Hili ndilo swali ninalotamani kila anayepokea karatasi ya majibu ajiulize kabla ya kushika sindano ya dawa.

Ng'ombe aliyeugua ndigana baridi akapona hubaki na bakteria kwa miaka, mara nyingi kwa maisha yake yote. Bakteria huyo hubadilisha protini za juu ya mwili wake, hasa MSP2, kwa kuchanganya vipande vya jeni alivyoviweka akiba. Kinga ikishamzoea, anatokea na sura mpya. Ndiyo maana idadi yake ndani ya mbebaji hupanda na kushuka kwa mawimbi ya takriban wiki tano. Katika maeneo yenye kupe wengi, ng'ombe wengi wazima wasio na shida yoyote watakuwa chanya ukiwapima kwa PCR.

Basi ukiwa na ng'ombe anayekohoa na kupumua kwa shida, na karatasi inasema A. marginale chanya, huenda umepata taarifa ya kweli isiyohusiana kabisa na mapafu yake. Lisome jibu pamoja na mnyama: ana homa? Fizi zimepauka au zimekuwa manjano? Kiwango cha chembe nyekundu, yaani hematokriti, kimeshuka? Slaidi inaonyesha madoa? Mkojo una rangi gani? Katika ndigana baridi chembe huharibiwa ndani ya bandama na viungo vya jinsi hiyo, hazipasukii ndani ya mishipa, hivyo mkojo hauwi mwekundu. Ukiwa mwekundu, rudi ukamtafute Babesia.

Umri nao una sauti yake. Ndama huambukizwa kwa urahisi lakini huugua kidogo. Ng'ombe mwenye zaidi ya miaka miwili anayekutana na bakteria kwa mara ya kwanza ndiye anayeweza kufa. Ndama chanya mwenye afya hahitaji kutibiwa kwa sababu ya karatasi.

Namba ya Ct kwenye majibu ni nini?

Ni mzunguko ambao mwanga wa sampuli ulivuka mstari wa kuhesabika. Namba ndogo ina maana bakteria walikuwa wengi tangu mwanzo. Kubwa, walikuwa wachache. Kipimo kikiwa na ufanisi mzuri, tofauti ya mizunguko 3.3 ni sawa na mara kumi. Kwa hiyo Ct ya 20 dhidi ya 30 ni tofauti ya karibu mara elfu.

Inasaidia sana. Ct ya 19 kwa ng'ombe mwenye fizi za manjano ni ushahidi mzito, na Ct ya 36 kwa ng'ombe huyo huyo yanifanya nitafute sababu nyingine pia. Lakini usilinganishe Ct ya maabara moja na ya nyingine kana kwamba ni nyuzi za kipimajoto. Kiasi cha damu, namna ya kutoa vinasaba, jeni inayolengwa na mashine yenyewe vyote huibadilisha.

Jibu ni hasi, lakini dalili zote zipo. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia kadhaa, na mojawapo ni ya hesabu tu. Maabara kwa kawaida huchukua takriban mikrolita 200 za damu, na kuishia na mikrolita 100 za maji yenye vinasaba. Kati ya hizo, 5 ndizo huingia kwenye kichupa cha PCR. Mwisho wa yote umepima damu ya mikrolita 10, chini ya tone moja. Mbebaji mwenye chembe 30 zilizoambukizwa kwa mililita ana, kwa wastani, theluthi ya chembe moja ndani ya kiasi hicho. Kwa kuwa doa moja la A. marginale hubeba bakteria wanne hadi wanane, unabaki na nakala moja au mbili za jeni, kama hakuna iliyopotea njiani. Sampuli hiyo ikipimwa mara tatu inaweza kutoka chanya mara mbili na hasi mara moja, na hakuna aliyekosea.

Sababu nyingine ni vizuizi. Rangi nyekundu ya damu yenyewe hudhoofisha kimeng'enya ikibaki kwenye vinasaba vilivyotolewa. Ukiona maji ya vinasaba yana wekundu au ukahawia, jihadhari. Ndiyo maana kila sampuli inapaswa kuwa na kipimo cha ndani, kwa mfano jeni ya ng'ombe mwenyewe ambayo lazima ionekane. Isipoonekana, jibu si "hasi", ni "kipimo hakikufanya kazi", na hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Mara nyingi kupunguza ukali wa sampuli mara kumi kwa maji safi hufungua njia, maana vizuizi hupungua na vinasaba vinabaki vya kutosha.

Halafu yapo yale ya awali: dawa ilitolewa kabla, damu iliganda, au swali halikuwa sahihi na mnyama ana ugonjwa mwingine.

Kwa nini maabara mbili zinaweza kutofautiana juu ya sampuli moja?

Mara nyingi ni kwa sababu zimelenga jeni tofauti. Jeni ya 16S rRNA ipo kwa bakteria wote, hivyo praima zake zinaweza kunasa jamii nzima ya Anaplasma na Ehrlichia kwa pamoja. Ni nzuri kwa kutupa wavu mpana, lakini spishi zilizo karibu hutofautiana humo kwa herufi chache tu, na jina linaweza kukosewa. Jeni kama msp1β, msp4 na groEL hutofautisha vizuri zaidi, ila kila moja inaona spishi chache.

Njia moja ya kati ni kunakili kipande cha 16S kinachobadilika, kisha kukipitisha juu ya utando wenye mistari ya vipande vya spishi mbalimbali. Kila spishi iliyomo hujishika kwenye mstari wake, kwa hiyo sampuli moja inaweza kuonyesha wawili au watatu kwa pamoja. Kazi yake ni ndefu, lakini kwa maambukizi mchanganyiko inafunua mengi.

Ukipokea jibu linalosema tu "Anaplasma chanya", uliza ni spishi ipi na jeni ipi. Maabara nzuri haitachukia swali hilo.

Vipi kuhusu kusoma vinasaba vyote vya bakteria kwa mpigo mmoja?

Inafanyika, na kwa utafiti ina thamani kubwa. Kwa mgonjwa mmoja zizini ninaishauri kwa uangalifu. Damu ya mnyama ina bakteria wachache sana ukilinganisha na utumbo au udongo, na dawa za maabara zenyewe huwa na masalio ya vinasaba vya bakteria wa maji na vumbi. Pasipo kuendesha vichupa vitupu sambamba na sampuli, utaishia na orodha ndefu ya majina ambayo hayakuwahi kuwa ndani ya ng'ombe.

Maji moyo hupimwa kwa damu?

Ndiyo, lakini kwa masharti. E. ruminantium hukaa zaidi kwenye kuta za mishipa kuliko kwenye damu inayozunguka, na huonekana vizuri zaidi katika damu wakati wa homa. PCR inayolenga eneo la pCS20 ndiyo inayotumika sana. Kwa mbebaji aliyepona, bakteria hujitokeza katika damu kwa vipindi tu, hivyo jibu moja la hasi halimsafishi.

Mnyama akishakufa, kipande kidogo cha ubongo kilichopondwa juu ya slaidi na kutiwa Giemsa huonyesha vichala vya bakteria ndani ya seli za mishipa midogo. Kipimo hicho cha zamani bado kinaaminika, na ubongo huo huo unafaa kwa PCR.

Ng'ombe wa maziwa wamevimba miguu ya nyuma na kiwele, maziwa yameshuka, na ndigana baridi ni hasi. Tuombe nini?

Omba mikoplazma wa damu. M. wenyonii amehusishwa na picha hiyo hiyo, pamoja na homa ya muda mfupi. Kwenye slaidi huonekana kama vinukta juu na kandokando ya chembe, na huweza kujitenga na chembe damu inapokaa kwenye chupa, kwa hiyo slaidi ya damu iliyolala ni kazi bure. Kumbuka ana ng'ombe wengi anaoishi nao kimya kimya, kwa hiyo Ct na idadi ya wagonjwa kwenye kundi vina uzito kuliko neno "chanya" peke yake.

Kuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kufanyika shambani?

LAMP ndiyo iliyokaribia zaidi. Ilitangazwa mwaka 2000 na watafiti wa Japani. Hunakili vinasaba kwa joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65, kwa muda wa saa moja au pungufu. Haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto, na jibu linaweza kusomwa kwa macho kwa mabadiliko ya rangi au ukungu ndani ya kichupa. Pia huvumilia uchafu wa damu kuliko PCR.

Hofu yangu kwake ni moja: inazalisha nakala nyingi kupindukia. Kichupa kimoja kikifunguliwa baada ya kazi, nakala hizo husambaa hewani na mezani, na kuanzia hapo kila sampuli itakuwa chanya. Kisifunguliwe kamwe, kitupwe kikiwa kimefungwa.

Maabara huzuiaje majibu ya uongo ya namna hiyo?

Kwa kutenganisha vyumba na kufuata mwelekeo mmoja: dawa huandaliwa chumba kimoja, vinasaba hutolewa kingine, mashine hukaa cha tatu, na mtu aliyetoka cha tatu harudi cha kwanza na koti lile lile. Katika kila mzunguko wa kazi huwekwa kichupa cha maji matupu, damu ya ng'ombe inayojulikana kuwa safi, na sampuli inayojulikana kuwa chanya. Maji matupu yakiwaka, majibu yote ya siku hiyo yanatupwa.

Tunaweza kuchanganya damu za ng'ombe kumi ili kupunguza kazi?

Kama unatafuta kundi lenye ugonjwa mkali, inaweza kufaa. Kwa kutafuta wabebaji, hapana. Kuchanganya kumi kunapunguza bakteria wa mmoja mara kumi, yaani mizunguko 3.3, na mbebaji aliyekuwa na Ct ya 36 anatoweka.

Nanunua ng'ombe. Nipime nini?

Inategemea unawapeleka wapi. Unapeleka kwenye kundi lisilo na Anaplasma? Pima kila mmoja kwa ELISA na PCR kwa pamoja, watenge, kisha rudia baada ya wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa unaweza kuchukua wiki tatu hadi tano au zaidi kabla ya kujitokeza. Usitegemee kumsafisha mbebaji kwa oksitetrasaiklini bila kumpima tena, maana mara nyingi bakteria hubaki.

Unapeleka kwenye eneo lenye kupe na ugonjwa? Basi hatari imegeuka upande. Ng'ombe mkubwa aliye hasi kwa vipimo vyote ndiye wa kuhofiwa, kwa kuwa hana kinga na anakwenda kukutana na bakteria akiwa na umri mbaya. Huyo azungumziwe na daktari wa mifugo kabla ya kupakiwa kwenye gari: chanjo kama ipo, udhibiti wa kupe, na kupimwa joto kila siku kwa wiki za mwanzo.

Ng'ombe amekufa ghafla. Nimpasue nichukue damu?

Usimpasue. Kifo cha ghafla, mwili kuvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja ni dalili za kimeta. Mzoga ukifunguliwa, bakteria wake hukutana na hewa na kutengeneza mbegu zinazodumu kwenye udongo kwa miongo mingi, na binadamu huambukizwa. Funga eneo, zuia watu na mbwa, na ita daktari wa mifugo. Yeye huchukua damu kidogo kutoka kwenye sikio bila kufungua mwili, na PCR hutafuta jeni zilizo kwenye plasmidi (pete ndogo za vinasaba) mbili za bakteria huyo, pXO1 na pXO2.

Damu hiyo hiyo inaweza kupimwa brusela na homa ya Q?

Kwa vinasaba, si vizuri. Bakteria wa magonjwa hayo hukaa kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa brusela anza na kingamwili za seramu au maziwa. Kwa homa ya Q, kondo la nyuma, ute wa ukeni baada ya kutupa mimba, na maziwa hutoa vinasaba vingi zaidi kuliko damu. Vaa glovu na barakoa unapovigusa.

Je, nikipima kupe badala ya ng'ombe?

Kupe aliyejaa damu, aliyeng'olewa mwilini, hueleza zaidi juu ya damu aliyoinywa kuliko juu ya uwezo wake wa kuambukiza. Ukimkuta na vinasaba vya Anaplasma hujathibitisha kwamba yeye ndiye msambazaji. Kupe waliokusanywa majanini, wakiwa na njaa, husema zaidi, hasa Amblyomma kwa maji moyo, kwa sababu bakteria aliyenyonywa katika hatua moja ya ukuaji hubaki ndani yake hadi hatua inayofuata. Watenganishe kwa ng'ombe au mahali walipotoka, uwatie kwenye alkoholi ya asilimia 70 au zaidi. Usitumie formalini, inaharibu vinasaba.